Nusu ya Nafasi Wapeni Jirani: Barua ya Wazi kwa Waandaaji wa Kambi za Kujitolea Burundi

Kasulu, Kigoma

Kwa mashirika yanayoandaa kambi za kimataifa za kujitolea katika vijiji vya Burundi vilivyotoka vitani. Kwa ofisi zenu za Ulaya na Amerika Kaskazini zinazokusanya majina, na kwa washirika wenu wa Bujumbura na Gitega wanaotupokea.

Ndugu waandaaji,

Nawaandikia kama mwanakambi wenu wa zamani. Nilishiriki kambi ya kiangazi kwenye kilima kimoja kusini mwa Burundi, tukijenga vyumba vya madarasa, nami nilikuwa Mtanzania peke yangu katikati ya vijana waliotoka nchi za mbali na wenyeji waliotupokea. Jina la kilima na la shirika nayaacha, maana ninayoyasema hayalihusu shirika moja. Ombi langu ni hili, na nalitanguliza ili mwenye haraka asisumbuke kulitafuta: nusu ya nafasi za wageni katika kambi hizi wapewe vijana wa nchi jirani. Watoke Kasulu, Kibondo na Ngara. Watoke Uvira na Bukavu. Watoke Rwanda pia, siku mpaka uliofungwa Januari 2024 utakapokuwa wazi. Na wasidaiwe ada mnayomdai kijana wa Brussels.

Najua jibu la kwanza litahusu fedha, nami nitalifikia. Kabla ya hapo tuangalie kazi hii ilianzaje, kwa sababu mnaisimulia kwenye vipeperushi vyenu, na kila mkiisimulia mnairuka sehemu yenye uzito.

Novemba 1920, Mswisi aitwaye Pierre Ceresole, mhandisi kwa taaluma, aliwakusanya watu wachache katika kijiji cha Esnes-en-Argonne, jirani na Verdun, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa. Mapigano ya Verdun yalikuwa yamedumu kuanzia Februari hadi Desemba 1916, na waliokufa, ukijumlisha pande zote mbili, wanakadiriwa kuwa 300,000. Esnes ilikuwa chini ya Kilima 304, mahali palipopigwa mizinga mpaka udongo ukageuzwa juu chini. Vita vilipokwisha kijiji hakikuwepo tena. Kulikuwa na kifusi, mashimo na waya wa miba. Kundi la Ceresole likaondoa kifusi, likatengeneza barabara, likajenga vibanda vya mbao vya kuwasitiri watu waliokuwa wakirudi kwenye viwanja vyao. Mshahara hawakupewa. Shirika la Service Civil International linahesabu umri wake kuanzia hapo, na kambi zote mnazoziandaa leo ni wajukuu wa kambi ile.

Sehemu inayorukwa ni kwamba ndani ya kundi lile walikuwemo Wajerumani. Miaka miwili tu tangu mizinga inyamaze, Wajerumani walirudi Verdun wakiwa na machepe mikononi. Misaada yenyewe haikuwa jambo geni: Marafiki, yaani Waquaker, kutoka Uingereza na Marekani walikuwa wamekwisha kujenga nyumba nyingi kuliko zile ambazo Ceresole angeweza kuziota. Esnes ilitofautiana na miradi hiyo kwa sababu ya nani alishika chepe. Na kwa sababu hiyo hiyo ilikufa: mwaka 1921 viongozi wa eneo wakaona kwamba msaada wenye mikono ya Kijerumani ndani yake hautakiwi, na kundi likafungasha kazi ikiwa haijaisha.

Ceresole angeweza kuijaza kambi yake Waswisi na Waholanzi, watu ambao hakuna mjane wa Esnes aliyekuwa na kinyongo nao. Pengine angemaliza vibanda vyote na kupewa barua ya shukrani. Alimchagua jirani mgumu, akijua gharama yake.

Sasa tazameni orodha ya majina iliyokuwa imebandikwa ukutani kwenye kambi niliyokwenda. Ubelgiji, Uholanzi, Kanada, Marekani, Korea Kusini. Vijana wazuri, nawakumbuka kwa wema, na wengine walifanya kazi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Lakini hakuna hata mmoja ambaye nchi yake ilikuwa na habari yoyote ya karibu na watu wa kilima kile, ukiacha Mbelgiji, ambaye babu zake waliitawala Burundi na ambaye, kwa heshima yake, alikuwa amesoma kuhusu hilo kabla ya kuja. Mrundi wa kilimani alipotaka kusema neno, lilitoka kwenye Kirundi likaingia kwenye Kifaransa, likatoka huko likaingia kwenye Kiingereza. Siku moja fundi mwashi aliomba aletewe timazi. Ombi likazunguka kwa watu watatu, na kabla halijatua fundi alikuwa ameshuka jukwaani, ameichukua mwenyewe na kupanda tena.

Mimi ni Muha. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mtu wa Kasulu na mtu wa Makamba wakikaa pamoja hawahitaji mkalimani, wanahitaji subira kidogo tu kwa maneno machache. Na pale ambapo Kirundi changu kilikwama, Kiswahili kilitosha, kwa sababu kilima kile kilikuwa na watu wengi waliokizungumza kuliko baadhi ya wilaya zetu. Hili haliwezi kuwashangaza wanaoijua Rumonge na Nyanza-Lac, miji ya ziwani ambako Kiswahili ni lugha ya soko. Ila kilimani kilikuwa na chanzo kingine, nacho ndicho kiini cha barua hii.

Mkiulizwa kuhusu vita vya Burundi, vipeperushi vyenu huanzia Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, na huishia kwenye Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000, au miaka michache baadaye bunduki zilipotulia. Watu wapatao 300,000 walikufa katika vita hivyo. Lakini watu wa vilima vya kusini huanza hesabu yao mwaka 1972. Mauaji ya mwaka huo yaliwavusha maelfu kwa maelfu hadi Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka pori, wakazaa, wakazeeka. Baada ya 1993 wakaja wengine, safari hii wakawekwa kwenye kambi za Kasulu, Kibondo na Ngara: Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Lukole. Mwaka 2015 wakaja tena, wakajaza Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Kila wimbi lilikuwa na marejeo yake.

Kwa hiyo kilima mnachokiita kwa urahisi jamii moja kina watu wa namna nyingi. Wapo abasangwa, waliobaki na kukutwa pale. Wapo abahungutse, waliorudi, na hawa wenyewe wamegawanyika: wa 1972 waliorudi na wajukuu wasioijua Burundi, na wa 1993 waliorudi wakiwa bado wanakumbuka mti upi ulikuwa wa nani. Wapo walioishi miaka kwenye makazi ya waliohamishwa karibu na kambi ya jeshi, wakiogopa kulala mashambani kwao. Mgeni anayefika na mkoba wake haoni mipaka hiyo. Mtu wa Kasulu huiona siku ya kwanza, kwa kusikia tu lafudhi.

Jioni, kazi ikiisha, vijana waliozaliwa Katumba walikuwa wakikaa kwenye rundo la matofali na kubishana kuhusu Simba na Yanga kwa hasira ambayo ungeisikia Kariakoo. Mkorea wetu alidhani wanagombana kuhusu vita. Nilimweleza, akacheka, kisha akaniuliza jambo la maana: kwa nini watu hawa wanapenda timu za nchi ambayo si yao tena? Hakuna mwongozo wa kambi unaojibu swali hilo, na kulijibu ni kueleza nusu ya historia ya kilima. Watoto wale walisoma kwa Kiswahili, wakarudi na kukuta shule za Kirundi na Kifaransa, wengine wakarudishwa madarasa ya chini wakiwa na ndevu. Madarasa tuliyokuwa tukiyajenga yalikuwa yao pia. Hakuna aliyewauliza wangependa nini kiwemo ndani ya yale madarasa.

Nawapa kisa kingine. Mama mmoja aliyekuwa akitupikia maharage na ugali wa muhogo alinisikia nikizungumza akajua natoka wapi kabla sijamwambia. Alikuwa ameishi Mtabila. Alitaka kujua bustani yake ya nyuma ya nyumba anailima nani sasa. Nikamweleza kwamba Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na kwamba leo pale pana kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Vijana wetu wanapiga kwata walikokuwa wakiishi wao. Alicheka sana, akawaita wenzake wawili wakacheka naye. Halafu akauliza, bila kicheko, kwa nini waliondolewa kwa pupa namna ile. Watu wapatao 35,000 walirudishwa katika muda usiozidi miezi miwili, baada ya hadhi yao ya ukimbizi kufutwa. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ikawasomba na wengine waliokuwa wameishi kwetu miaka mingi bila karatasi. Mama yule hakuwa akisubiri jibu la kiserikali kutoka kwa kijana mwenye karai la zege. Alitaka Mtanzania asikie, na Mtanzania alikuwepo.

Hapo ndipo nilipoielewa Esnes. Sisi Watanzania tunapenda kujisimulia kama wenyeji wema, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Nchi gani nyingine iliwapa uraia zaidi ya wakimbizi 160,000 kwa mpigo, kama tulivyowapa wale wa 1972? Lakini sisi pia ni watu waliofunga, waliosomba, walioita wenzao majina. Wakongo wa Uvira wana habari yao na Warundi, Warundi wana habari yao na Wakongo, na Wanyarwanda wana habari na wote. Vita vya ukanda huu havijawahi kubaki ndani ya mpaka mmoja, na Februari 2025 tuliviona tena: maelfu ya Wakongo wakivuka Mto Rusizi kuvikimbia vita vya Kivu, wakilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wakipelekwa Musenyi huko Rutana. Burundi iliyokuwa ikikimbia sasa inakimbiliwa. Kambi ya amani inayowaleta watu kutoka mabara matatu na kumwacha nje kijana wa ng'ambo ya mto imewaacha nje wale wenye mazungumzo ya kweli ya kufanya.

Mtanijibu kwamba jirani huja na upande wake, na kwamba faida ya mgeni wa mbali ni kuwa hana upande. Nakubali zaidi ya nusu ya hoja hiyo. Nilimwona binti wa Kiholanzi akimuuliza mzee mmoja, kwa unyofu kabisa, ni nani aliyeichoma shule ya zamani. Mimi nisingethubutu, ningekuwa nimepima kwanza mzee ni wa wapi na nani anatusikiliza. Mzee alinyamaza kidogo, akajibu, na waliokuwa wakichanganya udongo wakasimama kumsikiliza. Swali lile lingetoka kinywani mwangu, lingekuwa na harufu ya siasa. Ndiyo sababu naomba nusu ya nafasi, siombi zote. Anayeuliza bila kuogopa anahitajika, na anayeelewa jibu bila mkalimani anahitajika vilevile. Ninyi mmemleta wa kwanza tu.

Mtataja pia usalama. Hilo nalijibu kwa ufupi: vijana wa Manyovu wanavuka kwenda Mabanda kuuza na kununua kila wiki, na hakuna anayewaandikia bima.

Sasa ardhi, ambayo inanikera kuliko yote. Siku tulipoanza kuchimba msingi wa chumba cha pili, alifika mzee mmoja na wanawe wawili wakasimama kando ya kamba. Hawakupiga kelele. Mzee alisema tu kwamba eneo lile lilikuwa la baba yake kabla ya 1972, na kwamba alikuwa na mashahidi. Waliotupa eneo walikuwa na karatasi ya utawala, na karatasi ilikuwa halali. Kazi ikasimama. Wazee wa kilima, bashingantahe, wakaitwa, na kikao kikaendelea mpaka jua likazama na kesho yake kikaanza tena. Waratibu wetu walikiandika kikao kile kwenye ripoti yao kama siku za kazi zilizopotea.

Ndugu zangu, kikao kile ndicho kilichokuwa kazi. Burundi ina watu zaidi ya 400 katika kila kilomita ya mraba, na karibu wote wanakula wanacholima. Waliorudi mwaka 2008 na baadaye, zaidi ya 50,000 kutoka makazi ya 1972 peke yake, walikuta mashamba yao yana watu, na wengi wa watu hao walipewa na serikali, wakajenga, wakazika wazazi wao hapo. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ile iliyoitwa CNTB, iliundwa 2006 kusuluhisha. Mwanzoni ilielekea kuwagawia pande zote mbili. Baadaye ikabadili msimamo na kumrudishia aliyekimbia shamba lake lote. Na kila mabadiliko yaliwaacha watu wengine wakilala macho wazi. Kusini, kwenye michikichi ya Rumonge na Nyanza-Lac, mgogoro wa shamba moja unaweza kuzigawa familia ishirini. Na sisi tulikuja na kamba na vigingi tukitaka kujua kona ya jengo iwe wapi!

Hatimaye walikubaliana. Jengo lilisogezwa hatua kadhaa, mzee akaachiwa mwembe wake, na mwanawe mmoja akaajiriwa kubeba maji. Ni suluhu ndogo, isiyo na sherehe, nami naiona ni kazi kubwa kuliko kuta tulizoziinua. Ila ilipatikana kwa bahati, kwa sababu mzee alikuwa mpole. Kijana aliyekulia jirani na Mishamo angeuliza tangu siku ya kwanza: hapa palikuwa pa nani kabla ya 1972, na kabla ya 1993? Ni maswali mawili tu. Muyaweke kwenye fomu zenu za kuchagua mradi, juu kabisa, kabla ya hesabu ya mifuko ya saruji, na majibu yapatikane kilimani kwa wazee, yasitoke ofisini.

Kuhusu vibarua nitasema machache. Tuna msemo wetu kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na ninyi mmeugeuza kuwa utaratibu wa kimataifa, hongereni. Lakini jembe hilo huwa limetoka mkononi mwa mtu. Pale kilimani walikuwepo vijana wa kutosha wanaoishi kwa kusaidia fundi, wanaolipwa kwa siku kwa kusukuma toroli na kuchanganya zege. Kila toroli alilosukuma mwanakambi kwa furaha lilikuwa chakula cha jioni cha kijana mmoja aliyekaa kwenye nyasi akitutazama. Fundi mwashi, wasaidizi wake na wachoma tofali walipwe, wote, kwa bei ya pale. Wanakambi wapewe kazi ambazo hakuna anayelipwa kuzifanya: kukusanya mawe ya msingi, kuteka maji, kusafisha uwanja, kutengeneza njia ya kwenda kisimani. Na fundi wa kilima ndiye awe mkubwa wa kazi. Nilimwona kijana aliyesomea usanifu majengo akimfundisha fundi wa miaka hamsini kushika pima maji. Fundi alimwacha aseme hadi mwisho, akamshukuru, akaendelea na timazi yake.

Na muwe waangalifu na ile kauli ya ushiriki wa jamii. Warundi wana kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi, ibikorwa rusangi, na wazee wao wanakumbuka kazi za lazima za wakoloni, zikiwemo za kulimishwa kahawa. Mratibu anaposema kila kaya ilete mtu mmoja na jembe, yeye anasikia ushirikiano, wao wanasikia amri. Baadhi ya watu tuliopokezana nao matofali kwenye mstari walikuwa wametumwa, na walituambia.

Nimeahidi kuzungumzia fedha. Ada ya mgeni ndiyo inayonunua saruji, bati na maharage; najua, na sidharau. Lakini gharama kubwa ya mgeni wa mbali ni ndege, na fedha ile haifiki kilimani hata senti moja. Kijana wa Kasulu anapanda gari asubuhi, anafika Manyovu, anavuka Mugina, na kabla ya giza yuko Mabanda. Burundi imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, hivyo viza hahitaji; hati ya dharura ya kusafiria inamtosha. Atalala kwenye mkeka. Atakula kinachopikwa na hatalalamikia tumbo. Anachokosa ni ile ada tu, na muda wa kuacha shamba, ndiyo maana kiangazi, baada ya mavuno, ndio wakati wake pia. Andikeni kwenye tangazo lenu kwamba ada ya kila mgeni wa mbali inabeba nauli na chakula cha jirani mmoja. Vijana niliofanya nao kazi wangelipa bila kunung'unika. Kadhaa walinishangaa nilipowaambia kwamba mimi nilipata nafasi kwa kubahatisha na si kwa utaratibu.

Msiniambie pia kwamba majirani hawana uzoefu. Kenya, shirika la KVDA linaandaa kambi kama hizi tangu 1962. Dar es Salaam kuna shirika la UVIKIUTA pale Chamazi. Vijana waliopita JKT wanajua kuamka alfajiri na kushika jembe kwa mstari kuliko mwanachuo yeyote wa Ulaya. Na marehemu David Zarembka, Mmarekani aliyeanzisha mpango wa Waquaker wa kambi na warsha za amani katika Maziwa Makuu, hakuijua kanda hii kwa kushuka na ndege Bujumbura. Miaka ya 1960 alikuwa Tanzania akiwafundisha wakimbizi wa Kinyarwanda, na baadaye alihamia Lumakanda, magharibi mwa Kenya, akaishi huko mpaka alipofariki 2021. Mgeni naye anaweza kuwa jirani, kumbe, ila inamchukua maisha yake yote. Wa Kasulu amezaliwa jirani.

Naomba basi mambo yanayotekelezeka msimu ujao. Kabla ya kufunga orodha ya kambi za Juni hadi Agosti, acheni nusu ya nafasi za wageni wazi. Tangazo msilibakize kwenye tovuti za Kiingereza na Kifaransa. Litafsirini kwa Kiswahili na Kirundi, lipelekeni parokiani, misikitini, kwenye vyuo vya ufundi vya Kasulu na Kibondo, na kwa Radio Kwizera, iliyoanza 1995 huko Ngara kwa ajili ya wakimbizi na ambayo bado inasikilizwa pande zote mbili za mpaka. Jioni moja kati ya mbili iendeshwe kwa lugha ya kilima, na wageni wa mbali ndio watafsiriwe. Mkalimani asiwe mmoja wala wa upande mmoja. Na jengo mlilolianza kiangazi hiki mrudi kuliezeka, maana kusini mwa Burundi nimeona kuta nyingi za madarasa zinazoota nyasi kwa sababu kambi ilikwisha kabla ya bati.

Washirika wa Bujumbura na Gitega, ninyi hamhitaji kungoja ruhusa ya Ulaya. Mnaweza kuwaandikia majirani mwezi huu. Sisi wa Kasulu tunawasubiri, na wapo vijana wa kutosha hapa, Waha na Warundi waliopewa uraia, walio tayari kuvuka na machepe yao wenyewe.

Wenu katika kazi,

Mwanakambi wa zamani
Kasulu